Mbwa wa Kiberenge na Siku ya Sindano

Ukitaka kumpata Optatus, usiende nyumbani kwake. Wala kanisani usimtafute. Kanisani anakaa benchi la mlangoni, na padri akianza tu mahubiri, yeye yuko nje anaangalia kama baiskeli za watu bado zipo. Za watu, maana yeye hana baiskeli. Ana mkokoteni.

Mpanda nzima ilimwita Kiberenge, kile kigari kidogo cha reli kinachopita mbele kukagua njia. Alikuwa mpagazi wa stesheni, na wapagazi wa Mpanda, usiwaone vile, ni wanaume. Lakini treni ikilia kule mbali, wenzake ndiyo kwanza wanafuta mikono, Kiberenge ameshadandia ngazi ya behewa linalotembea, ameshashika mzigo wa mtu ambaye hata hajaamka vizuri.

"Mama, lete hilo begi! Hapa ndiyo mwisho wa reli, mbele ni tembo tu!"

Mtu aseme nini? Anatoa begi.

Alizaliwa kijiji cha Mamba, Mpimbwe wa kwelikweli, mtoto wa wakulima wa mpunga. Baba yake ndiye aliyemfukuza shambani. Alimpa kazi ya kulinda ndege, akakuta kijana anakimbizana na ndege ndani ya mpunga, na mpunga aliokanyaga yeye ni mwingi kuliko ambao ungeliwa na ndege. Akamwambia, mwanangu, nenda mjini, huko kuna barabara. Akaja mjini, akamuoa Capitoline, binti wa Kirundi kutoka makazi ya Katumba, mwanamke akikaa kwenye kigoda utadhani kaoteshwa. Watoto hawakujaliwa. Hilo Optatus hakuliongelea. Ukimuuliza, anakumbuka ghafla kuna mzigo unamsubiri Makanyagio.

Sasa tuje kwa mbwa.

Kulikuwa na mzungu mmoja wa kampuni ya uwindaji, alikuwa anaondoka moja kwa moja kurudi kwao. Alikuja stesheni na jike lake la mbwa, jibwa la kuwindia simba, rangi ya udongo wa kichuguu, na kreti la mbao lenye watoto ndani. Optatus ndiye aliyelibeba kreti mpaka kwenye behewa la gadi, kule mkiani mwa treni. Ubao mmoja ulikuwa umelegea. Kitoto kimoja kikachomoka, kikapita chini ya mabehewa, kikatokea upande wa pili, kikazunguka nyuma ya tanki la maji. Watu wakacheka. Optatus akakifukuza, na hapo ndipo stesheni ya Mpanda ilipoona jambo ambalo haijawahi kuona: Kiberenge anaachwa mbio. Alikipata kwenye magunia ya karanga, na wakati huo treni imeshaanza kutembea.

Akakimbia nayo, kitoto kifuani. Mzungu ametoa nusu mwili dirishani, mikono ameinyoosha. Jukwaa likaisha. Optatus akaendelea kwenye kokoto mpaka pumzi ikagoma. Mzungu akarudisha mikono ndani, akaitoa tena, safari hii anapunga: baki naye.

Fikiria mtu ambaye kazi yake yote ni kubeba mizigo ya watu wanaoondoka. Miaka na miaka, kila anayempa mzigo anaondoka. Hiki ndicho kitu cha kwanza kilichotoka ndani ya treni kikabaki kwake. Hakusema hivyo, yeye siyo mtu wa kusema hivyo. Alisema, "Mzungu kaniachia urithi," akamwita Mtakoma ili majirani wasikie.

Mtakoma akala. Akala ugali, akala dagaa wa Ikola, akala kiatu cha Capitoline cha Jumapili, na mwezi ukiisha anafanana na ndama. Bado mtoto, bado anajikwaa miguu yake mwenyewe, lakini kichwa kama ndoo. Na mgongoni alikuwa na kitu. Manyoya ya mwili wote yalilala kwenda nyuma, ila mstari mmoja, tangu mabegani mpaka kiunoni, ulisimama kwenda mbele kama brashi. Ndivyo walivyo mbwa wa aina ile. Nani Mpanda alijua hilo?

"Mbwa wako mbele anacheka, nyuma amekasirika," alisema Maduhu, jirani yao, Msukuma muuza tumbaku ya kunusa. "Mbwa wa kawaida manyoya yanasimama akitaka kung'ata. Huyu anataka kung'ata saa zote."

"Wivu, Maduhu. Wako manyoya yenyewe hana."

"Wangu amekonda lakini ana akili timamu."

Walishazoea kutaniana hivyo. Halafu kichaa cha mbwa kikaingia mjini, na utani ukapungua ladha.

Mbwa mmoja asiyejulikana alitokea upande wa msituni, mate yanamning'inia, akamng'ata mfanyabiashara wa ng'ombe mnadani, akang'ata mbuzi, akauliwa kwa mawe. Toka siku hiyo kila aliyepita na mbwa alitazamwa. Gari la matangazo likazunguka mitaa yote na kipaza sauti: Jumamosi mbwa wote wapelekwe josho, wachanjwe. Ambaye hatakuwa na kibati shingoni baada ya hapo, atapigwa risasi popote atakapoonekana.

Optatus aliposikia aliacha mzigo wa mtu katikati ya barabara, akakimbia ofisi ya mifugo. Bwana mifugo alikuwa mwanamke, Romana, naye mtu wa Mamba. Watu walimwita hivyohivyo, bwana mifugo Romana, naye aliitika.

"Dada, mchome mbwa wangu leo."

"Kaka Optatus, dawa haijafika. Inakuja kwenye barafu."

"Nitaisubiri hapahapa."

"Utaisubiri umekaa?"

Optatus akakitazama kiti kama mtu anayetazama kitanda cha hospitali. Akabaki amesimama, mguu mmoja unagonga sakafu.

Romana akaweka kalamu chini. "Nimemwona huyo mbwa wako. Sasa nisikilize, na ukiweza sikiliza bila kugonga. Mbwa mdogo akinisumbua namkamata mwenyewe. Huyo siwezi. Nisipoweza kumshika simchomi. Na Jumamosi mgambo atakuwepo na bunduki. Mbwa akitoa mate, akirukia watu, mimi sina kipimo cha kumpima palepale. Nikisema simwelewi, imekwisha. Sipendi, lakini ndiyo hali."

"Atapigwa?"

"Atapigwa."

Mguu wa Optatus ukaacha kugonga, ukaanza wa pili.

"Kwa hiyo mwandae," Romana akasema. "Mshike kila siku. Masikio, nyayo, kucha. Mfunue mdomo, tazama meno, mwachie. Mpe na watu wengine wamshike, siyo wewe tu. Mlete josho kabla ya siku yenyewe, anuse, aondoke bila kufanywa kitu. Siku ya sindano asishibe sana, asije akatapika. Na taratibu, kaka. Mbwa anausoma mkono. Mkono wenye haraka unamwambia kuna hatari."

Taratibu! Angemwambia apae angejaribu.

Alianza jioni ileile. Akamwita Mtakoma uani, akamshika sikio la kushoto, la kulia, mguu, mguu, mdomo, mkia, yote kwa mpigo, kama anapakia treni inayoondoka. Mbwa akaona ni mchezo. Akazunguka nyumba. Optatus akazunguka nyumba. Wakapishana. Wakaangusha chanja ya vyombo. Maduhu aliegemea fensi anakula muhogo.

"Endeleeni, endeleeni! Nani anamwandaa nani hapo?"

Siku ya pili ikawa vilevile, ya tatu mbwa akajifunza kitu kimoja tu, kwamba Optatus akinyoosha mkono ni saa ya kukimbia. Optatus akaacha kula. Kule stesheni alipeleka mzigo wa abiria wa Nsemulwa kwa watu wa Kashaulili, akarudi kuufuata, akasahau mkokoteni. Kila mlio wa mlango aliusikia kama bunduki.

Capitoline alitazama yote hayo akiwa kwenye kigoda chake. Mwishowe akainuka, akachukua kanga kuukuu, akamwambia mume wake, "Kaa hapo chini, kwenye nguzo."

"Kwa nini?"

"Kaa tu, baba."

Optatus akakaa. Capitoline akapitisha kanga kiunoni kwake, akaizungusha kwenye nguzo ya kibaraza, akafunga fundo.

"We mwanamke! Unanifunga mimi? Mbwa yule kule!"

"Mbwa hana shida. Mwenye shida ndiye nimemfunga."

Maduhu alicheka mpaka muhogo ukamwendea njia siyo. Optatus akavuta, akatukana, akatishia kurudi Mamba. Capitoline akaingia ndani kupika. Uani kukawa kimya. Na Mtakoma, aliyekuwa amekaa mbali akisubiri mbio zianze, akachoka kusubiri. Akaja mwenyewe. Akanusa fundo. Akalala, kile kichwa kama ndoo akakitua juu ya paja la Optatus.

Optatus akaacha kutukana. Mkono ukaenda polepole kwa sababu haukuwa na pa kwenda. Ukashika sikio. Ukashika ufizi. Mbwa akapiga miayo, akaonyesha meno yote mpaka ya nyuma.

Toka hapo kila jioni alifungwa. Watu wakaja kuangalia, Mpanda haina sinema kila siku. Na kila aliyekuja kucheka alipewa kazi: mshike masikio, mfunue mdomo. Maduhu alifanywa daktari. Alichonga bua la mtama, akaja nalo anatembea kwa madaha.

"Mgonjwa ni nani hapa, huyu mwenye mkia au huyu mwenye kanga?"

"Choma, daktari, usiongee sana."

Maduhu akamgusa mbwa begani na bua. Mbwa hakutikisika. Akamgusa na Optatus. Optatus akaruka mpaka nguzo ikalia.

Wakampeleka josho mara kadhaa, akanusa zege, akanusa mavi ya ng'ombe, akarudi. Ijumaa Optatus alikuwa ameshaanza majigambo. Kwamba mbwa wake atachomwa amelala. Kwamba bwana mifugo atamwomba amfundishie mbwa wa wilaya nzima. Lakini usiku hakulala, alihesabu makenchi ya paa, na Capitoline naye hakulala, kwa sababu yake mwenyewe.

Capitoline aliwaza ule mgongo. Sokoni alikuwa amesikia wanawake wakisema mbwa wa Kiberenge ana alama ya kichaa tangu kuzaliwa, kwamba mwenye bunduki akiuona tu ule mstari uliosimama hataangalia kitu kingine. Hakumwambia mume wake. Mume wake alikuwa na mashaka ya kumtosha.

Asubuhi Optatus alikimbilia stesheni kuomba wenzake wamshikie zamu. Capitoline akambakiza Mtakoma uani. Akampiga maji kama mtoto anayepelekwa kliniki, nyuma ya masikio, katikati ya vidole. Ule mstari ukasimama. Akaulaza kwa kitana. Ukasimama. Akaulaza kwa maji. Ukasimama. Akachukua sabuni ya mche, akailowesha, akausugua mgongo mpaka sabuni ikaingia kwenye manyoya, akayashika kwa viganja yakakauka yamelala. Hapo yakakubali. Lakini yalibaki meupe-meupe, kama mtu aliyevuliwa kwenye unga. Sasa nani anampeleka mtoto kliniki amepauka? Akatoa mawese, yale mazito yanayokuja kutoka ziwani, akampaka mwili mzima. Kwao ndivyo mtoto anavyong'arishwa. Mbwa akang'aa kama taa.

Optatus aliporudi alisimama mlangoni. Mara ya kwanza maishani mwake alisimama bila kuambiwa.

"Mama, umemfanya nini?"

"Nimemwandaa."

"Huyu siyo mbwa tena. Huyu ni bwana harusi!"

Mgongo ulikuwa umelala laini kabisa. Akampandisha kwenye mkokoteni ili asichafuke, akausukuma katikati ya barabara akipaza sauti kwamba watu wapishe mheshimiwa. Nyuma yake Capitoline, na nyuma yao Maduhu na mbwa wake mkondefu.

Josho lilikuwa limejaa. Mbwa wa kila namna, waliofungwa kwa kamba za katani, kwa minyororo ya baiskeli, mmoja kwa tai. Mbele, meza ya Romana na boksi la barafu. Pembeni ya meza, mgambo, jina lake Telesphor, mrefu, mkimya, bunduki mkononi na buti kubwa kuliko miguu yake. Asubuhi hiyo alikuwa ameshampiga risasi mbwa mmoja. Mzoga ulikuwa umefunikwa kwa turubai kule kwenye majani, na kila mtu alijifanya hatazami huko.

Optatus akashusha mbwa, akashika kamba fupi, akajiambia taratibu, taratibu. Mtakoma akakaa chini kama alivyofundishwa.

Mawese, ndugu zangu, ni chakula. Hilo Capitoline alilisahau.

Wa kwanza kunusa alikuwa mbwa wa Maduhu. Akalamba bega la Mtakoma. Akalamba tena, macho yakamtoka kwa furaha. Mbwa wa mbele akageuka. Mbwa wa nyuma akavuta kamba. Mara mbwa watano, sita, wamemzunguka mtoto wa mzungu wanamlamba kama sufuria la pilau, na mwenyewe, badala ya kupigana, amekaa kimya. Si alifundishwa kushikwashikwa na kila mtu? Aliona nao wamekuja kwa kazi hiyohiyo. Naye akageuza shingo, akaanza kujilamba mgongo.

"Hebu waondoeni mbwa wenu!" Optatus akafoka. "Mheshimiwa anachafuliwa!"

Watu wanacheka. Maduhu anamvuta wake kwa mkia. Halafu mama mmoja akapiga yowe.

"Mapovu!"

Kweli. Mdomoni mwa Mtakoma mapovu yalikuwa yanatoka, ya njano, yanadondoka kifuani. Kicheko kikakatika. Watu wakarudi nyuma, wakasukumana.

"Nilisema! Nilisema huyo mbwa ana alama!"

"Na huyu! Jamani na huyu!"

Mbwa wa Maduhu naye anatoa mapovu. Na yule mwenye tai. Na mwingine. Mstari mzima wa mbele, midomo inachuruzika, wanapiga chafya, wanatikisa vichwa, mapovu yanaruka. Watu wakaachia kamba. Wengine wakapanda fensi ya josho. Mzee mmoja, ambaye alikuja kwa mkongojo, alionekana juu ya mti na mkongojo haukuwepo.

Telesphor akapiga hatua mbele. Akainua bunduki, akaielekeza kwa Mtakoma, mkubwa wao.

"Toka hapo, bwana."

Optatus alikuwa na miguu inayoweza kufika Kaliua kabla ya treni. Hakuitumia.

"Bwana, toka. Sitarudia."

Akapiga magoti. Akiwa mgongo kwa bunduki, uso kwa mbwa, akafanya kitu pekee ambacho mikono yake ilikuwa imekizoea jioni zote zile. Akainua mdomo wa juu wa Mtakoma. Polepole. Mtakoma akafungua mdomo, wote, kama mlango wa ghala. Optatus akaingiza mkono.

"Kaka, usifanye hivyo!" Romana akapiga kelele. "Toa mkono!"

Akautoa, umejaa povu. Akaunusa. Akaunusa tena. Halafu, watu wote wanaangalia, akaweka povu kwenye ulimi.

Maduhu huko juu ya fensi akalia, "Mayu wane, mama yangu! Kiberenge naye amekwisha!"

Optatus akatema. Akakunja uso. "Sabuni."

"Nini?" Telesphor akauliza, bunduki bado iko juu.

"Sabuni ya mche! Ina uchungu! Nakwambia ni sabuni!"

"Na yeye ameshaambukizwa," akasema mtu nyuma. "Mfungeni na yeye."

Hapo Capitoline akatoka kwenye watu. Mwanamke ambaye ukimsalimia anajibu kwa kichwa. Akaenda mpaka akasimama kati ya mtutu na mume wake, mikono imeshika kanga.

"Ni mimi," akasema. "Nimempaka sabuni mgongoni. Halafu mawese. Nilitaka alale ule mgongo, msiuone mkamuua. Mana yanje, Mungu wangu, mimi ndiye niliyemtia mapovu."

Romana alishafika. Akasukuma mtutu pembeni kwa kiwiko, bila hata kumtazama Telesphor, kama mtu anayesogeza tawi. "Ndoo ya maji," akasema. "Haraka."

Maji yakaletwa. Romana akawaambia wote wasogee mbali, akaisukuma ndoo kwa fimbo mpaka mbele ya Mtakoma. Mbwa mwenye kichaa koo linamfunga, maji yanamshinda, hilo kila mtu alilijua. Mtakoma akanusa ndoo. Akapiga chafya ndani yake. Kisha akanywa. Akanywa kwa makelele, akanywa mpaka kichwa kikazama, akainua macho kuuliza kama kuna nyingine. Mbwa wa Maduhu akaja akamsukuma, naye akanywa.

Romana akapitisha kidole mgongoni kwa mbwa, akakinusa. Mabega yake yakaanza kutikisika. Wengi walidhani analia.

"Mashuka yangu hayajawahi kupata sabuni kiasi hiki," akasema, akifuta machozi. Kisha uso ukabadilika, akamgeukia Optatus. "Na wewe! Umeweka ulimi? Kichaa kinakaa kwenye mate, kaka. Angekuwa anaumwa kweli, wewe ungekuwa maiti, na mimi ningeandika nini huko juu? Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada."

"Hujanielewa. Mfute huyo mbwa nimchome."

Optatus akavua shati, akamfuta. Kadiri alivyofuta, manyoya ya mgongoni yakaanza kuinuka, moja moja, mpaka ule mstari wote ukasimama mbele ya umati. Capitoline akafumba macho. Romana akapitisha kiganja juu yake, mbele, nyuma.

"Kazaliwa hivi," akasema kwa sauti ya kusikika. "Mama yake hivi, bibi yake hivi. Siyo hasira, siyo ugonjwa, siyo uchawi. Ni ukoo wake. Mwenye swali aje aniulize mimi, asiende kulisema sokoni."

Optatus akashika kichwa cha mbwa kwenye kifua chake wazi. Sindano ikaingia begani. Mtakoma alikonyeza jicho moja tu. Aliyetoa sauti ni Optatus.

Kibati kikafungwa shingoni. Bado mtoto, Romana akasema, baadaye atachomwa tena. Optatus akashika kamba, tayari anataka kuondoka, tayari mguu mmoja uko kwenye mkokoteni.

"Unaenda wapi?" Romana akauliza. "Umeniharibia mstari wangu wote. Watu wako juu ya miti. Utanishikia hawa mbwa mmoja mmoja mpaka dawa iishe, na mkeo atawaosha midomo."

"Dada, treni ya mchana..."

"Piga magoti."

Akapiga magoti. Watu wakashuka mmoja mmoja, wakaleta mbwa zao huku wanamsema Capitoline, naye safari hii alijibu, kila mmoja kwa lake. Optatus akashika. Alishika yule wa tai, alishika wenye kupe, alishika majike yenye hasira, anawashika masikio, anawafunua midomo, anawaongelesha taratibu kwa sauti ambayo majirani zake hawakuijua. Maduhu alikuja wa mwisho, amemwinua mkondefu wake kama anabeba bomu.

"Mshike wewe."

"Si ulikuwa daktari?"

"Nimeacha kazi. Mshike, bwana, ananitazama vibaya."

"Mtazame vizuri na wewe."

Jua lilishapita juu. Boksi la barafu lilibaki maji. Romana alikuwa anafunga vifaa vyake pale Telesphor aliposafisha koo. Hakuwa ameondoka pembeni ya meza tangu saa ile. Bunduki ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta, mbali kidogo na mkono wake. Juu ya buti zake mbili, ubavu mzima, alikuwa amelala Mtakoma, anakoroma, kibati kinapanda na kushuka.

"Bwana," Telesphor akanong'ona. "Mwite mbwa wako. Miguu imekufa ganzi."

Optatus akawatazama wote wawili.

"Mwache," akasema. "Amechoka."

"Na mimi?"

"Wewe usitikisike. Mkono taratibu. Mshike kwanza sikio."

Telesphor akainama, polepole, akanyoosha mkono.